Kitufe cha Tatu

Vitufe ni vitatu hapa Butte, Montana:
themanini na tano, themanini na nane, tisini na moja.
Asubuhi ya Februari, giza bado halijakatika,
chuma cha bomba kinanata kwenye glavu,
na mimi nimesimama kama mtu aliyeulizwa jina lake akalisahau.

Baba alibonyeza cha tatu.
Miaka ishirini na sita, Buick ile ile ya kijani,
mlango wa nyuma umefungwa kwa waya,
kiti cha dereva kimeshika umbo la mgongo wake,
na bado cha tatu.
Mtu aliyenunua mkate wa jana kwa nusu bei,
aliyepasua mrija wa dawa ya meno kwa mkasi
akaukwangua kwa mswaki,
aliyenyoosha misumari iliyopinda akaipigilia tena,
huyo huyo, akifika kwenye pampu, mkono haukumtetemeka.

Jana nilifungua droo ya dashibodi.
Kitabu cha gari kimo, kurasa zimeshikana,
hakuna aliyewahi kukisumbua.
Kinasema wazi: ya kawaida yatosha.
Nikacheka. Kisha nikachukua penseli,
nikajumlisha nyuma ya risiti zake.
Nilipofika dola elfu nne na ushei, nikaacha.

Orvil Tregonning, fundi, anapangusa mikono
kwa kitambaa kichafu kuliko mikono:
"Danitsa, ile namba si nguvu. Wala si usafi.
Ni subira tu.
Petroli ya kawaida ikibanwa sana hulipuka kabla ya wakati wake,
ndipo unasikia injini inagonga, ko-ko-ko,
kama mgeni asiyeiona kengele.
Ya ghali huvumilia kubanwa. Basi.
Na injini ya mzee wako haimbani mtu.
Nilimwambia. Mara mia nilimwambia."
"Akasema nini?"
"Akasema, 'Sawa, Orvil.' Akaenda kujaza tisini na moja."

Ko-ko-ko.
Sauti hiyo niliijua kabla ya kuyajua magari.
Ilitoka chumba cha pili, saa nane za usiku,
mama akipapasa swichi, birika likianza kulia,
na asubuhi kitambaa mezani, kimekunjwa
ili tusione ndani.

Kule chini, kwenye shaba, kampuni ilinunua kwa mafungu:
barakoa za bei ya chini, taa za bei ya chini,
glavu zilizochanika kabla ya chakula cha mchana.
Rahisi huvunja upishi, lakini aliyenunua
hakuwa ndiye mlaji.
Baba hakulalamika. Mara moja tu,
akimenya viazi, hakuinua hata uso:
"Sisi walitutilia kitufe cha kwanza, Danitsa. Miaka yote."
Sikumwelewa. Nilidhani anasema habari za lifti ya mgodini.

Nyuma yangu pikapu inapiga honi.
Nabonyeza cha kwanza.
Bomba linajikata lenyewe, tangi limejaa,
nami naondoka kupanda kilima kuelekea Walkerville,
redio nimeizima, dirisha nimelishusha
kwenye baridi ya kupasua midomo,
niisikie itakapogonga.

Nataka igome.
Nataka ikohoe, hata mara moja,
inishitaki mbele ya mitambo ile mikongwe ya mgodi
iliyosimama juu ya mashimo.

Haigongi. Inapanda laini kama jana na juzi,
haijui nani kafa, haijui nani alikuwa akilipa.

Kileleni naegesha. Nimeokoa dola tisa na senti arobaini.
Nazitia kwenye kisahani cha majivu,
juu ya pipi zake tatu za kifua
zilizogandamana na karatasi zake.

Kwa mwendo wangu, mshale utafika robo
kama Jumatano hivi.